Tumbo la chini linauma: je, ni saratani ya mlango wa kizazi?

Wasichana wengi wanaofika kliniki na maumivu chini ya kitovu huomba kitu kimoja: wapimwe saratani. Hofu yao ina msingi, maana saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake Tanzania. Lakini kipimo hicho na maumivu hayo ni habari mbili tofauti, na kuzichanganya kunawachelewesha wengi kupata tiba.

Dada, nina miaka 22. Tumbo la chini linaniuma, hii wiki ya pili. Nikapime saratani?

Nenda hospitali, mdogo wangu, tena usichelewe, ila si kwa kipimo hicho. Saratani hii huanza kimyakimya. Kirusi cha HPV, ndicho kinachoisababisha, huambukizwa kwa kujamiiana, na tangu kiingie mwilini mpaka saratani ijitokeze hupita kwa kawaida miaka 15 hadi 20. Mabadiliko ya mwanzo hayaumi hata kidogo, ndiyo maana uchunguzi umewekwa kwa ajili ya mwanamke asiyehisi chochote. Wewe unaumwa. Unahitaji mtu akuulize maswali, akubonyeze tumbo, akupime mkojo na mimba.

Kama si saratani, ni nini?

Inaweza kuwa maumivu ya hedhi, maambukizi ya njia ya mkojo, uvimbe kwenye ovari, kidole tumbo, hata choo kigumu. Kwa msichana aliyekwisha kuanza kujamiiana, ninachokihofia zaidi ni maambukizi ya via vya uzazi, ambayo wengi tunayaita PID. Mara nyingi huanza na klamidia au kisonono kinachopanda kutoka kwenye mlango wa kizazi hadi kwenye mirija ya uzazi. Dalili zake ni maumivu wakati wa tendo, uchafu ukeni wenye rangi au harufu, homa, na matone ya damu kati ya hedhi na hedhi. Wengine hawapati dalili ya maana, na mirija inaharibika hivyo hivyo. Madhara yake ni ugumba, au mimba kutunga nje ya kizazi siku za usoni.

Daktari hulitambua tatizo hili kwa kukuchunguza kwa mkono: akigusa mlango wa kizazi ukaruka kwa maumivu, anaanza tiba bila kungoja. Altrasaundi iliyo safi haitoshi kusema huna PID. Tiba kwa kawaida ni sindano na vidonge vya siku 14. Vimalize vyote hata kama maumivu yameisha siku ya nne, na mwenzi wako atibiwe pia, la sivyo atakuambukiza tena.

Jirani ananishauri ninunue dawa ya kusafisha kizazi.

Usinunue. Kizazi hakihitaji kusafishwa. Kujiosha ndani kwa sabuni, limao au maji ya dawa kunaua bakteria wazuri wanaoulinda uke, na kunaweza kusukuma maambukizi juu. Inaniuma kuona binti ametumia fedha zake za miezi kwa chupa hizo huku mirija ikiendelea kuziba.

Ni wakati gani nisisubiri hadi kesho?

Hedhi ikichelewa na tumbo likauma, hasa upande mmoja, ukasikia kizunguzungu, kuzirai au maumivu ya bega, hiyo inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi. Mrija ukipasuka, damu inamwagikia tumboni bila kuonekana nje. Amsha watu usiku huo huo. Vivyo hivyo kwa maumivu makali ya ghafla yenye kutapika, au homa kali.

Mbona uchunguzi wa saratani unaanza miaka 30?

Kwa sababu HPV kwa wasichana ni ya kawaida sana, na mwili wenyewe huiondoa kwa wengi ndani ya miaka miwili. Ukimpima kila binti wa miaka 20 utaishia kutibu mabadiliko ambayo yangepona yenyewe. Anayeishi na VVU ndiye asisubiri: hatari yake ni kama mara sita, na Shirika la Afya Duniani linashauri aanze akiwa na miaka 25. Mdogo wako wa kike wa miaka 9 hadi 14 apate chanjo ya HPV, inayotolewa nchini kote tangu 2018.

Kipimo chenyewe kikoje?

Unalala chali na kukunja magoti. Muuguzi anaingiza spekulamu, chombo cha kuufungua uke ili aone ndani, anapaka mlango wa kizazi siki ya asilimia 3 hadi 5 kwa pamba, anasubiri dakika moja, kisha anatazama kama kuna doa jeupe. Utasikia mgandamizo na muwasho kidogo. Doa likiwepo si lazima iwe saratani. Mara nyingi linachomwa kwa joto siku hiyo hiyo na unarudi nyumbani kwa miguu yako.

Sijawahi kujamiiana. Watanichunguzaje?

Waambie hivyo mapema. Utapigwa altrasaundi juu ya tumbo, kibofu kikiwa kimejaa. Hakuna haja ya kuingiza chombo ukeni.

Nina miaka 24, natokwa damu baada ya tendo. Nisubiri nifike 30?

Hapana. Umri wa uchunguzi ni kwa asiye na dalili. Damu baada ya tendo mara nyingi ni maambukizi au kidonda kisicho saratani, lakini mlango wa kizazi lazima utazamwe kwa macho. Andika tarehe ya hedhi yako ya mwisho, mweleze muuguzi waziwazi damu inatoka lini, na akitaka kukupa vidonge bila kukuangalia, mwombe kwa heshima akuchunguze kwanza kwa spekulamu.