Shade na shadow: kivuli kimoja, maneno mawili

Kijana mmoja aliniletea barua ya kuomba kazi nimnyooshee Kiingereza chake. Mwishoni kaandika: "Attached are the shadows of my certificates." Nilicheka, kisha nikamwonea huruma. Matangazo ya kazi si ndiyo yanayodai "vivuli vya vyeti"? Kwa Kiingereza fotokopi ni "copy" tu, kivuli hakimo.

Lakini kosa ninalokutana nalo zaidi katika kazi hii ya tafsiri ni lile la "We sat in the shadow of the mango tree". Sarufi yake ni safi. Ila Mwingereza wa leo angesema "shade", kwa sababu mlichofuata pale chini ni ubaridi na kukingwa na jua. Shade haina umbo. Shadow ina mipaka: ina kichwa na mikono, inarefuka jioni, inakufuata njiani, na ukiwashiwa taa mbili unakuwa nazo mbili. Mwembe una shadow hata usiku wa mbalamwezi. Shade yake tunaikimbilia saa saba mchana. Na jua linapopatwa, kinachopita juu ya ardhi ni shadow ya mwezi.

Kwa asili lilikuwa neno moja. Katika Kiingereza cha kale, "sceadu" likiwa kiima lilibaki hivyo. Likihamia nafasi nyingine katika sentensi likawa "sceadwe". Umbo la kwanza likazaa shade, la pili shadow. Mead na meadow, yote mawili uwanda wa nyasi, nayo ni mapacha wa namna hiyohiyo.

Sisi pia tunao mgawanyo wetu, tumeuacha tu ukachakaa: uvuli na kivuli. U- ya hali, ki- ya kitu. Bibi angekwambia "kaa uvulini", siku hizi kila kitu ni kivuli. Mwavuli ni wa ukoo huohuo, kama umbrella inavyorudi kwenye "umbra", kivuli cha Kilatini.

Msidhani lakini kwamba uvuli ni shade kila mahali. Zaburi ya 23 kwa Kiswahili ina "bonde la uvuli wa mauti", na Biblia ya Kiingereza ya 1611 inasema "shadow". Zaburi ya 91, uvuli wa Mwenyezi, pia "shadow". Ya 121 ndiyo yenye "shade". Zamani shadow ilibeba hata maana ya hifadhi, kwa hiyo anayeutetea mwembe wake kwa Zaburi amechelewa miaka mia nne na ushei.

Waziri kivuli ni "shadow minister", maana kazi yake ni kumwandama mwenzake wa serikalini hatua kwa hatua. Na fundi rangi akitaka "shade" nyingine ya bluu, usimtafutie mti: anataka iliyokolea zaidi, au iliyopauka.