Arei inayokua ndani ya objekti kwa BASIC ni nini hasa

Chama chetu cha hapa Umoja hesabu zake ziko kwa Excel, na programu niliiandika mimi kwa VBA, hiyo BASIC inayokaa ndani ya Excel. Sasa shida ya chama mnaijua, kuna mama tulianza naye siku ya kwanza ameshachanga mara arobaini na kitu, halafu kuna kijana aliingia juzi amechanga mara mbili tu. Ukitaka kila mwanachama awe objekti yake, yaani kifurushi kimoja cha programu chenye data na kazi zake, na michango yake ikae ndani yake mwenyewe, utamwekea visanduku vingapi?

Arei ni safu ya visanduku vinavyofuatana kwa memori, kila kimoja na namba yake. Wakati Kemeny na Kurtz walitoa BASIC ya kwanza pale Dartmouth, Marekani, mwaka wa 1964, amri ya DIM ilikuwepo tayari na kazi yake ilikuwa kutangaza ukubwa wa safu mapema. Hiyo ni sawa kwa kitu kama matatu ya abiria 14, unaandika Dim abiria(13), hesabu inaanzia 0 kwa hivyo unapata viti 14, na viti haviongezeki hata watu wajae namna gani. Lakini michango ya mwanachama haina mwisho unaoujua, ndiyo maana unataka arei inayokua: unaitangaza na mabano matupu, ukubwa unaupanga baadaye na ReDim.

ReDim ukiiandika peke yake inafuta kila kitu kilichokuwa ndani, na haikuulizi. Ukitaka vitu vibaki lazima uongeze Preserve. Hapa ndipo watu wengi hawaelewi kinachofanyika: wanadhani BASIC inaongeza tu kisanduku kimoja pale mwisho, kumbe kwa kawaida ni kuhama nyumba. Mwenye nyumba hawezi kukuongezea chumba kwa bedsita yako juu jirani yuko hapo ukutani, kwa hivyo unatafuta nyumba kubwa, unabeba vyombo vyote na mkokoteni, unarudisha funguo za ile ya zamani. Memori ni hivyo hivyo. Ukihama kila mara kitu kimoja kikiongezeka, kufikisha vitu 1,000 utakuwa umebeba vyombo mara 499,500, lakini ukianza na nafasi 8 na uwe unahamia nyumba mara mbili ya ile uliyokuwa nayo kila ikijaa, unabeba mara 1,016 peke yake. Mimi niliona tofauti hiyo kwa macho.

Ndani ya klasi, ile ramani ya kutengenezea objekti, inakaa hivi:

Private michango() As Currency
Private idadi As Long
Private nafasi As Long

Public Sub Ongeza(ByVal kiasi As Currency)
    If idadi = nafasi Then
        If nafasi = 0 Then nafasi = 8 Else nafasi = nafasi * 2
        ReDim Preserve michango(nafasi - 1)
    End If
    michango(idadi) = kiasi
    idadi = idadi + 1
End Sub

Angalia ziko namba mbili pale juu, nafasi ni visanduku vilivyopo na idadi ni vile vyenye kitu ndani. Usizichanganye. Mtu akitumia UBound, ile inayokupa namba ya kisanduku cha mwisho, kujua mwanachama amechanga mara ngapi atapata 15 wakati ukweli ni 9, na ukigawanya jumla na hiyo upate wastani, mama wa watu ataonekana anachanga kidogo kuliko anavyochanga, na kwa chama maneno kama hayo yanaleta vita. Tena kwa yule ambaye hajachanga hata mara moja, arei yake haijapewa ukubwa bado, UBound inakupigia erori namba 9 na programu inasimama hapo hapo.

Na hiyo Private, yaani ya ndani ya klasi peke yake, usiione ni mapambo. VBA yenyewe inakataa uweke arei ikiwa Public ndani ya klasi, haitakubali hata kuanza, na mimi naona ni vizuri inakataa juu arei ikiwa wazi mtu yeyote kutoka nje anaweza kuibadilisha ukubwa na idadi ibaki inasema kitu kingine. Objekti ndiyo inajua ukubwa wake, wewe wa nje unapitia mlangoni: Ongeza, Hesabu, Pata, Rekebisha, basi.

Mimi mwanzoni niliruka mlango. Niliandika Property Get, ile njia ya kusoma kitu kutoka ndani ya objekti, inayorudisha arei nzima, nikafikiri nimejirahisishia, halafu mweka hazina akaniambia mchango wa 500 uliandikwa 50 nikaurekebishe. Nikafanya orodha = m.MichangoYote, m ikiwa ni objekti ya mwanachama, nikaweka orodha(3) = 500, nikaseivu, nikafungua tena, 50 iko palepale! Nilirudia labda mara tano usiku huo. Kumbe VBA inakupa kopi, kama kupiga fotokopi ya kitabu cha chama alafu unasahihisha fotokopi, kitabu chenyewe kiko kwa droo hakijaguswa. Dawa ikawa kuandika Sub (kipande cha programu kinachofanya kazi moja) ya Rekebisha ndani ya klasi, inachukua namba ya mchango na kiasi kipya, inagusa michango ya ndani moja kwa moja.

Ukihamia VB.NET, BASIC nyingine ya Microsoft iliyotoka 2002, mambo yanageuka kidogo na hapo ndipo watu wa VBA wanaumia. Huko property ikirudisha arei inakupa ile ile yenyewe, ukibadilisha kitu nje hata ndani kimebadilika. Lakini objekti ikifanya ReDim Preserve inatengeneza arei mpya, na wewe uliyekuwa umeshika ya zamani unabaki na nyumba ambayo watu walishahama, unaandika humo na hakuna anayeona. Huko wengi wanatumia List, orodha iliyotengenezwa tayari, kazi ya kuongeza nafasi inaifanya yenyewe, na mimi ningekushauri uitumie. FreeBASIC, BASIC nyingine tena, nayo inakubali arei inayokua ndani ya Type, aina ya data unayoitunga mwenyewe, unaweka neno Any pale kwa mabano ukitangaza.

Kitu kingine kidogo, kwa VBA kama arei yako ni ya safu na nguzo, Preserve inakubali uongeze ule upande wa mwisho peke yake, kwa hivyo weka kinachokua upande huo tangu mwanzo.

Na mwanachama akitoka, ukiandika Set m = Nothing na hakuna kigeu kingine kimeshika objekti hiyo, arei yake inaenda nayo, huhitaji kuifuta na Erase. Lakini kama bado yuko kwenye Collection, ile orodha inayoshika objekti, ya wanachama wote, bado yupo na michango yake yote, mtoe huko pia.