Picha ya mandhari ni nini hasa? Somo kutoka kwenye mivinje ya Bamburi

"Sasa hapo wapiga nini, kaka? Mbona sioni mtu?"

Aliyeniuliza ni bawabu mmoja huko Bamburi, kaskazini mwa mji wa Mombasa. Mimi nilikuwa nimepiga magoti juu ya majani makavu ya miti ya mivinje, kamera nimeielekeza mahali ambapo kwa macho yake palikuwa patupu. Sikumlaumu. Mombasa tumekua tukijua kwamba picha ni mtu: mtu chini ya Pembe za Ndovu, mtu mbele ya ukuta wa Fort Jesus, bwana na bibi harusi pale Mama Ngina, bahari ikiwa nyuma yao. Mahali huwa pambo tu, mwenye picha ni aliyesimama. Picha ya mandhari hugeuza mpango huo. Mahali ndipo penye picha, na mtu akiwemo basi kawekwa ili tujue mti una urefu gani.

Hata hivyo, kusema ni "picha isiyo na watu" hakutoshi. Ukumbi wa harusi uliopangwa viti saa 2 asubuhi hauna watu, na picha yake si ya mandhari. Neno lenyewe lina msaada. Mandhari limetoka kwenye Kiarabu, kwenye mzizi wa kutazama, ule ule uliotupatia nadhari na nadharia. Maana yake, mandhari si ardhi, wala miti, wala maji. Ni vile vitu hivyo vinavyoonekana kutoka pale uliposimama. Mbuyu utabaki ulipo hata ukienda zako nyumbani kulala, lakini mandhari yake umeondoka nayo. Sogea hatua tatu, mbuyu ni ule ule, mandhari ni nyingine.

Basi kazi ya mpiga picha za mandhari ni kuchagua pa kusimama, na saa ya kusimama hapo. Kubonyeza kitufe ndiyo sehemu ndogo kabisa. Watu husema siasa zetu ni msitu mpya, nyani wale wale. Kwenye picha, kila ninapoona mtu amenunua kamera ya bei kali na bado anapiga akiwa wima palepale aliposhukia tuktuk, husema kimoyomoyo: kamera mpya, miguu ile ile.

Ufukweni somo hili halionekani vizuri, maana bahari inakusaidia mno. Kuna mstari wa upeo, mchanga mbele, anga juu, na ngalawa ikipita picha imekamilika. Msituni hakuna msaada huo. Ndiyo maana anayetaka kujifunza nampeleka Bamburi, kwenye bustani ya Haller Park au kwenye njia za msituni za huko huko.

Historia ya mahali pale inaeleza kwa nini panaonekana vile. Kiwanda cha saruji kilianza kuchimba mawe ya matumbawe hapo mwaka 1954, na machimbo yakaacha uwanja mweupe, mkavu, usio na udongo. Mwaka 1971 René Haller, Mswisi mtaalamu wa kilimo, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Iliyostahimili ilikuwa michache sana, na mvinje ndio ulioshika hasa. Kisha likaja tatizo jingine: majani yake membamba kama sindano yalianguka na kurundikana bila kuoza. Dawa ikawa jongoo. Majongoo wenye miguu myekundu waliletwa, wakayala majani, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. (Kwa hiyo ukipiga magoti kama mimi, tazama kwanza unapoweka goti. Wale ndio wenye shamba.)

Kwa mpiga picha, hiyo maana yake ni hivi: chini una zulia la kahawia lisilo na vichaka vingi, katikati una mashina membamba yaliyosimama wima, juu una majani laini yanayopitisha mwanga kama pazia la zamani. Na kwa kuwa machimbo yalishuka hadi karibu na usawa wa maji ya ardhini, kuna vidimbwi, na vidimbwi vina taswira ya miti ndani yake. Wageni wengi hupita haya yote mbio kwenda kwa twiga na viboko. Umaarufu wa bustani hii tangu tsunami ya Desemba 2004 umetokana na Owen, yule kiboko mchanga aliyeokolewa pwani na kumng'ang'ania kobe mzee kama mamake. Hadithi tamu, ila picha ya kiboko ni picha ya mnyama. Ina kanuni zake, nyingi zikihusu subira na lenzi ndefu.

Ugumu wa msitu ni mmoja, nao ni wingi. Jicho lako likiingia pale linachagua lenyewe: linauona mti mmoja mzuri na kuyapuuza mashina mengine arobaini. Kamera haipuuzi kitu. Inakuletea yote arobaini, pamoja na tawi lililovunjika, kopo la soda, na kipande cha anga kilichoungua kikawa cheupe kama karatasi. Ndiyo maana mtu hurudi nyumbani, akafungua simu na kusema, "Lakini pale palikuwa pazuri!" Palikuwa pazuri, ndiyo. Alichosahau ni kuyaondoa yale ambayo jicho lake lilimwondolea bure.

Kwa hiyo msituni hupambi picha, unaipunguza. Njia ya kwanza ya kupunguza ni miguu. Angalia mashina mawili yanayogusana kwenye fremu, moja likiwa nyuma ya jingine: yanaonekana kama gogo moja lenye donda. Jongea kushoto kiasi cha hatua nusu, na utaona yanaachana, hewa inaingia kati, kila moja linapata mwili wake. Hatua nusu tu. Nimewahi kuzunguka mvinje mmoja kama kuku anayetafuta pa kutaga, watu wakadhani nimepoteza pete. Njia ya pili ni kutazama kingo za fremu kabla ya kutazama katikati, kwa sababu takataka za picha hujificha pembeni: nusu ya jani, kona ya anga, kidole chako mwenyewe. Njia ya tatu huwashangaza wengi. Msituni, lenzi pana huwa adui. Watu hufikiri mandhari ni lazima iwe pana, wanafungua ile lenzi ya simu ya mara 0.5, nayo inazoa msitu mzima na kuufanya uwe kama nywele zisizochanwa. Jaribu mara 2 au mara 3. Chagua mashina matano. Ukiweza matatu, vizuri zaidi.

Utasikia pia habari za tabaka: kitu cha mbele, cha kati na cha mbali, ili macho yapate njia ya kuingia. Ufukweni tabaka zinajipanga zenyewe. Kwenye nchi za baridi, ukungu huingia msituni na kufifisha miti ya nyuma, tabaka zikaonekana bila jasho. Sisi ukungu wa namna hiyo hatuupati, kwa hiyo tabaka zetu hutengenezwa na mwanga: shina lililo kivulini, nyuma yake uwazi wenye mwanga, nyuma ya uwazi kivuli tena. Ukijifunza kuona giza-mwanga-giza, msitu utakufungukia.

Na hapo tumefika kwenye mwanga, ambao ndio nusu ya maana ya neno mandhari.

Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Jua letu hutoka kati ya saa 12 kamili na saa 12 na nusu hivi asubuhi, mwaka mzima, na likitoka hupanda wima kama mkwezi anayekimbizwa. Vitabu vingi vya upigaji picha vimeandikwa na watu wa kaskazini, nao husifu saa ya dhahabu, ule mwanga laini wa jua lililo chini. Uskoti mwezi wa Desemba jua hukaa chini mchana kutwa, kwa hiyo mtu anaweza kunywa chai kwanza. Hapa kwetu, dhahabu yenyewe ni kama nusu saa, na ukichelewa matatu ya Mtwapa umeikosa. Ongeza kwamba bustani zenye lango hazikufungulii alfajiri, na utaona kwamba anayefuata vitabu vile neno kwa neno atapiga picha za geti lililofungwa.

Saa 6 mchana hali ni mbaya zaidi. Karibu na Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua hupita utosini kabisa. Ndani ya msitu linatoboa majani na kumwaga vidoa vyeupe chini, kama taa za disko. Jicho la binadamu huvumilia hilo kwa sababu linajirekebisha kila linapohama kutoka kwenye doa hadi kivulini. Kamera hupima mara moja tu. Ikifuata doa, kivuli kinakuwa masizi. Ikifuata kivuli, doa linaungua. Simu za siku hizi hupiga picha kadhaa upesi na kuziunganisha, na hilo husaidia, ila majani yakitikisika kati ya picha moja na nyingine, utaona kingo zake zimekuwa mbilimbili kama za mtu aliyevaa miwani isiyo yake.

Sasa nitasema jambo ambalo wenzangu wa studio hunicheka kwalo: siku bora ya msitu ni siku mbaya ya harusi. Mawingu yakitanda, anga lote linakuwa taa moja kubwa, laini. Vidoa hupotea. Rangi ya kijani, ambayo jua kali huifubaza, hurudi. Na mvua ikiwa imepita punde, magome ya mivinje huwa meusi, na zulia la chini huwa jekundu-jekundu. Masika, yaani Aprili na Mei, watalii wamepungua na mahoteli yanalia, lakini msitu uko kwenye nguo zake za Idi. Ukiwa na kamera inayobadilishwa lenzi, nunua kichujio cha polaraiza kabla ya kununua lenzi ya pili. Jani lililolowa hung'aa weupe wa anga. Kichujio kikizungushwa, weupe ule hutoka na kijani cha jani chenyewe kinajitokeza. Tahadhari: kwenye kidimbwi, kichujio hicho hicho kinaweza kuifuta ile taswira ya miti majini uliyokuja kuipiga. Kizungushe taratibu huku ukitazama.

Upepo nao una ratiba. Kusi likivuma, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, mivinje haitulii na sauti yake ni ile ya bahari iliyo mbali. Ukitaka majani yatoke wazi kwenye picha, shata, lile pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga, isiwe ya polepole kuliko 1/60 ya sekunde, na upepo ukizidi, 1/250, hata kama itabidi upandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, na picha iwe na chembechembe. Au fanya kinyume: weka kamera kwenye tripodi, ile stendi ya miguu mitatu, acha shata wazi sekunde 2, mashina yabaki yametulia na majani yawe moshi. Mwenye simu asihuzunike. Kihisi cha simu, kile kinachopokea mwanga, ni kidogo, kwa hiyo vitu vya karibu na mbali hutoka wazi bila shida, jambo ambalo mwenye kamera kubwa hulipata kwa kubana tundu la lenzi hadi f/8 au f/11. Gusa skrini kwenye sehemu yenye mwanga zaidi, telezesha kidole chini mwangaza upungue kidogo, kisha ushike pumzi.

Mazoezi ninayompa mtu ni haya, wala hayapendezi: mti mmoja, saa moja, picha kumi tu. Siyo mia. Ukijua una kumi, utazunguka kwanza. Wiki inayofuata nampeleka kwenye mibuyu ya Mama Ngina, kwa sababu ile ni shule iliyopinduliwa. Pale mti una nafasi, una anga na bahari ya mlango wa Kilindini nyuma yake, na shida si kupunguza tena bali ni kuipa kazi nafasi iliyobaki. Wakati wa ukavu mibuyu hupukutisha majani, na matawi yake juu ya anga la magharibi ni mchoro tosha. Aliyetoka kwenye mivinje akafika hapo hupumua kama mtu aliyeshuka kwenye matatu iliyojaa.

Vifaa vinakufa haraka Pwani, kwa hiyo neno la mwisho ni la unyevu. Ukitoa kamera kwenye chumba chenye esii, yaani kiyoyozi, na kuileta nje, lenzi inafanya jasho. Iache ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa ipate joto taratibu. Kuvu huota ndani ya lenzi kama inavyoota kwenye viatu vya kabatini. Vile vijifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya usivitupe, viweke kwenye begi la kamera. Na kwa mvua, mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku mwaka 2017, basi mimi hubeba kofia ya kuogea. Ina mpira, inakaa vizuri juu ya kamera, na bawabu akiiona huwa ana swali jingine la kuniuliza.