Koa Bustanini: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Miche ya kabichi ikiamka imebaki vijiti, tazama udongo kabla ya kulaumu. Ukiona ute uliokauka unang'aa, mhalifu ni koa, yule konokono asiye na kombe. Usipouona, mshuku kiwavi.

Dhana: Maganda ya mayai yaliyopondwa humkata, kwa hiyo hapiti.

Ukweli: Anapita. Koa hutandaza ute chini yake na kutambaa bila kuumia, hata kwenye makali ya wembe. Mwaka 2018, Royal Horticultural Society, shirika la kilimo cha bustani la Uingereza, ilitoa matokeo ya jaribio la maganda ya mayai, changarawe kali, magome ya miti, vidonge vya sufu na utepe wa shaba kwenye saladi. Uharibifu haukutofautiana na wa saladi zisizokingwa. Inasikitisha kuona watu wakihangaika bado na maganda hayo.

Dhana: Chumvi ndiyo dawa.

Ukweli: Inamuua, ndiyo, lakini inabaki kwenye udongo na kudhuru mboga unazozilinda.

Dhana: Mtego wa bia unatosha.

Ukweli: Harufu ya chachu huwavuta walio karibu tu, na baadhi yao hunywa wakaondoka zao. Ukiutega, ukingo wa kopo uinuke kama sentimita 2 juu ya udongo, la sivyo utawazamisha mbawakawa wanaowala koa.

Dhana: Chambo ya sumu ikiwa nyingi, kazi inakuwa nzuri zaidi.

Ukweli: Punje chache zilizotawanywa zinatosha, lundo huvutia wanyama wengine. Chambo ya metaldehidi inaweza kumuua mbwa. Afadhali ile ya fosfeti ya chuma, nayo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Dhana: Wakati mzuri wa kumwagilia ni jioni.

Ukweli: Hapa ndipo wengi wanapowakaribisha koa wenyewe. Mwili wa koa hukauka upesi, kwa hiyo hutoka usiku, na udongo uliolowa jioni humrahisishia safari. Mwagilia asubuhi, ili usiku ukiingia, uso wa udongo uwe mkavu. Kisha laza ubao kati ya matuta. Ukiuinua asubuhi utawakuta wamejibana chini yake, pengine na mayai yao: vishada vya punje ndogo nyeupe zinazopitisha mwanga. Yaondoe yote. Kila koa ana via vya kiume na vya kike, hivyo yeyote kati yao anaweza kutaga. Usiku, dakika chache za kuwaokota kwa tochi zinafaa kuliko vizuizi vingi. Vaa glavu na osha mboga vizuri, kwani koa wanaweza kubeba minyoo ya mapafu ya panya, ambayo ikimwingia mtu inaweza kushambulia ubongo.

Dhana: Kila koa ni adui.

Ukweli: Wengi hula mabaki yanayooza. Koa chui, mkubwa mwenye madoa meusi, hula hata koa wenzake. Ilinde zaidi miche michanga. Ikuze kwenye vyungu hadi shina likomae, ndipo uihamishie bustanini.