Hadithi ya mwanasiasa huwa inamaliziwa na nani?

Tukiwa watoto mtu akisema hadithi hadithi tulikua tunajibu hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea. Yaani uwongo tunaukaribisha wenyewe bora utamu ukuwe. Kwa vikao vyetu vya elimu ya uraia hapa Nairobi naanzanga na hiyo, watu wanacheka alafu mtu wa nyuma anasema "si hiyo ni kampeni". Ndio yenyewe.

Angalia kura ya maoni ya 2005. Rasimu ya katiba ilikua ndefu na wachache sana waliisoma, sasa kura ikapewa alama mbili, ndizi ya ndiyo, chungwa ya hapana. Novemba 21 chungwa likashinda, na tunda likageuka chama, ODM (Orange Democratic Movement). Leo ukiuliza watu kifungu kimoja tu cha ile rasimu wanakutolea macho, lakini chungwa wanalijua.

Alafu uchaguzi wa 2022 ikaja ile ya kuku. William Ruto, aliyekua anagombea urais, anavyosimulia mwenyewe, aliuza kuku kando ya reli huko Kamagut, viatu vya kwanza akavaa akiwa na miaka 15. Ukiongeza wilbaro, alama ya chama chake, na hasla, yaani mtu wa kujitafutia riziki, mama mboga wa Kangemi anajiona ndani, anaskia ni yeye anazungumziwa. Na huyu alikua naibu wa rais tangu 2013! Hadithi ilimtoa nje ya serikali akiwa ndani yake, hapo mimi navua kofia, sera peke yake haiwezi fanya hivyo.

Shida ni kwamba ukishaisimulia si yako tena. Alishinda, na ushuru ulipopanda watu hawakujibu na hesabu, walimwita Zakayo, yule mtoza ushuru mfupi wa kwa Biblia aliyepanda mti, na kuku wote wakasahaulika. Kumbuka Zakayo kwa Biblia anaambiwa ashuke, anashuka, anaahidi kurudisha mara nne alichonyang'anya watu, kwa hivyo vijana waliopiga kelele "Zakayo shuka" Juni 2024 walikua wanaitisha mpaka mwisho wa hadithi. Tarehe 25 wakafika bunge, watu wakauawa, na kesho yake rais akasema hatasaini Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza ushuru.

2027 iko hapo karibu. Mgombea akianza na utoto wake skiza tu, ni tamu, lakini jiulize kwa hiyo hadithi wewe umewekwa wapi, na akimaliza muulize pesa ya hizo ahadi inatoka kwa mfuko wa nani.