Je, wajua kwa nini samaki wa mapambo aitwaye betta huvumilia kikombe dukani, kisha akafa kwenye bakuli nyumbani?

Dukani unamkuta ndani ya kikombe cha plastiki, maji hayafiki hata nusu lita, mapezi yamemnata mwilini kama kitambaa kilicholowa. Lakini yu hai. Ukisogeza kidole anageuka na kukukazia macho. Unamnunua, unamtafutia bakuli la kioo kubwa mara tano ya kile kikombe, unalijaza maji ya bomba yanayometa, unamwagia chakula cha kutosha asije akalala njaa mgeni wa watu. Wiki ya pili unamkuta anaelea ubavu. Hapo ndipo mtu hujiuliza: aliyestahimili kile kikombe ameshindwaje na jumba zima?

Wengi huishia kusema alikuwa mgonjwa tangu dukani. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi, hata hivyo, kinachomponza ni kipaji chake mwenyewe, nacho kimo kichwani mwake.

Samaki walio wengi hutegemea matamvua peke yake kuvuta oksijeni iliyoyeyuka majini. Betta ana matamvua, na juu yake, kila upande wa kichwa, ana kijichumba chenye vibamba vyembamba vilivyokunjamana, vimefunikwa na utando wenye mishipa tele ya damu. Kwa ile mikunjo yake, kiungo hiki huitwa labirinti. Mtazame kwa dakika chache utaona kinavyofanya kazi: anapanda taratibu, mdomo unatoboa uso wa maji, anabugia funda moja la hewa, kisha anashuka huku viputo viwili vitatu vya hewa iliyokwisha kutumika vikiponyoka kandoni mwa shavu. Oksijeni ya funda lile huingia kwenye damu bila kupitia majini kabisa. Wala si jambo la hiari kwake. Ukimziba asifike juu, betta hufa maji, naye ni samaki!

Kipaji hicho amekipata kwao. Betta tunayemfuga, kwa jina la kisayansi Betta splendens, asili yake ni Thailand, kwenye vinamasi, mifereji iendayo polepole na mashamba ya mpunga, ambako maji ni ya kina kifupi, yana joto na oksijeni yake ni haba. Wathai humwita pla kat, yaani samaki anayeuma, maana walimfuga kwa karne nyingi ili kumpiganisha. Jina splendens alipewa mwaka 1910 na Charles Tate Regan, mtaalamu wa samaki wa Uingereza, baada ya kubainika kwamba jina alilokuwa akiitwa na wanasayansi lilikuwa la spishi nyingine. Mwaka 2019 Thailand ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Betta wa porini, kwa taarifa yako, hana yale mapezi marefu kama shela. Ni mfupi wa pezi, rangi yake ya kufifia, na hukunjua madoido yake pale tu anapotaka ugomvi au mchumba.

Basi kikombe kile hakimwui upesi kwa sababu hakimnyimi hewa: hewa anaichota juu. Lakini watu wakiona hivyo husema betta ni samaki anayependa sehemu ndogo, husema hata maji machafu kwao ndiko. Hapo ndipo kosa lilipo. Kinamasi kina kina kifupi, ndiyo, ila upana wake hauna mwisho, na mimea yake haihesabiki. Samaki amejaliwa kuvumilia ukosefu wa oksijeni. Hakujaliwa kuvumilia kinyesi chake mwenyewe.

Na hicho ndicho kinachomwua kwenye bakuli. Kila samaki hutoa amonia, nyingi ikipitia kwenye matamvua, na chakula kilichobaki kikioza huongeza amonia nyingine. Haina rangi. Kwa kiwango kinachotosha kuunguza matamvua, pua yako haitaihisi. Unaweza kuangalia bakuli linalong'aa ukajisifu kwa usafi, kumbe samaki anaogelea ndani ya sumu.

Kwenye tangi lililokomaa, amonia hiyo huliwa na bakteria. Kundi moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kali, kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haidhuru sana na unaipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hao hawaelei ovyo, huota juu ya kokoto, kioo na hasa kwenye sponji ya chujio, na huchukua kama wiki nne hadi sita kufikia idadi ya kutosha. Bakuli jipya bado halina bakteria hao wa kutosha. Ukichanganya na ukarimu wa siku za mwanzo, ile konzi ya chakula asubuhi na jioni, amonia inapanda kwa siku chache tu. Dukani walimlisha kwa kubana na kumbadilishia maji mara kwa mara. Kwako ameshiba na maji yamekaa.

Kuna na jambo la mfuko. Ndani ya mfuko uliofungwa kwa safari, hewa ukaa anayoitoa samaki hujikusanya na kuyafanya maji yawe na asidi kidogo, na katika asidi amonia nyingi hukaa katika umbo lisilodhuru sana. Ukiufungua, hewa ukaa inatoroka, asidi inapungua, na amonia ileile inageuka kuwa kali. Kwa hiyo ule ushauri wa kumwacha saa nzima kwenye mfuko ulio wazi "azoee" una hatari yake kama ametoka safari ndefu. Uache mfuko uelee juu ya maji ya tangi ukiwa umefungwa kwa dakika kumi na tano hivi mpaka joto lilingane, ufungue, umchote kwa wavu mlaini au kikombe, umtie tangini. Maji ya mfuko mwaga nje.

Tangi lenyewe liwe la ukubwa gani? Wafugaji hubishana, lakini lita 20 ni kipimo kizuri cha kuanzia, na chini ya lita 10 mimi sishauri. Ajabu ni kwamba tangi kubwa ndilo rahisi zaidi kwa mtu asiye na uzoefu, kwa kuwa kosa lako la chakula huzimuliwa na wingi wa maji. Bakuli dogo halina msamaha. Chagua pana kuliko refu, maana kila funda la hewa ni safari ya kwenda juu na kurudi, na mapezi yale ya mapambo ni mzigo.

Joto liwe kati ya nyuzi 25 na 27 za Selsiasi. Kipimajoto ndicho kiamue kama unahitaji hita, usiamue kwa kuchovya kidole. Betta aliyepoa hulala chini, hukataa chakula, mmeng'enyo wake huzorota, na magonjwa humpata kirahisi. Joto linalopanda na kushuka kila usiku nalo humchosha vilevile.

Chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ndogo ya hewa linamfaa kuliko yale yenye mkondo mkali. Utajua mkondo umezidi ukimwona anajikaza kuogelea mahali pamoja, au amejibanza kona moja kutwa nzima. Sponji ikiziba, isuuze kwenye maji uliyoyachota tangini. Ukiisuuza bombani, klorini inaweza kuua bakteria wengi uliowasubiri mwezi mzima, na huenda ukaanza upya. Maji mapya ya bomba nayo yatie kwanza dawa ya kuondoa klorini. Kuyaacha wazi siku nzima huondoa klorini ya kawaida, lakini kloramini, ambayo baadhi ya mamlaka za maji huitumia badala yake, haiondoki kwa kusubiri. Kubadilisha robo ya maji kila wiki kunatosha kwa tangi lililotulia.

Mfuniko ni lazima. Betta huruka, tena bila kukupa taarifa, na aliyeruka usiku utamkuta asubuhi sakafuni amekauka. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya maji na mfuniko ili apate pa kuvutia hewa, nayo hewa hiyo iliyofunikwa hubaki na joto na unyevu unaokaribiana na wa maji.

Weka mimea. Kama ni ya bandia, iwe ya kitambaa laini. Pitisha soksi nyembamba juu ya jani: likinasa nyuzi, litachana pezi. Jani pana lililo karibu na uso wa maji atalifanya kitanda, na ukiwasha taa usiku utamkuta amelilalia, usishtuke. Wafugaji wengi pia hutumbukiza jani kavu la mti wa mkungu, lililookotwa mbali na barabara na dawa za mimea. Maji hugeuka rangi ya chai kwa sababu ya tanini, kemikali inayotoka kwenye jani, kama yalivyo maji ya vinamasi, na betta huonekana kutulia.

Utakutana pia na picha ya betta ndani ya chupa ya maua, mizizi ya mmea ikining'inia juu yake, na maelezo kwamba samaki hula mizizi na mmea hula uchafu. Mapambo hayo yalishika sana miaka ya 1990, na ni uongo mtupu. Betta ni mla nyama. Akionekana anadonoa mizizi, ni njaa. Isitoshe, mmea ukitanda juu yote ya chupa, unamzibia hewa.

Tazama mdomo wake: umeelekea juu. Ni mdomo wa kiumbe anayevizia vitu vilivyoanguka au vinavyoning'inia kwenye uso wa maji, viluwiluwi vya mbu, wadudu waliodondoka, vijidudu vidogo vya majini. Kwa hiyo chakula chake cha kila siku kiwe punje za betta zinazoelea, ambazo kiungo chake cha kwanza kwenye orodha ni samaki, kamba au wadudu. Kiungo cha kwanza kikiwa ngano, rudisha. Mara moja au mbili kwa wiki mpe dafnia, yaani viroboto-maji, au wale "minyoo wekundu" waliogandishwa, ambao kwa kweli ni mabuu ya wadudu wanaofanana na mbu. Wayeyushe kwanza.

Kiasi ndipo wengi tunapoharibu. Punje mbili au tatu asubuhi, mbili au tatu jioni, basi. Tumbo lake, wafugaji husema, ni kama ukubwa wa jicho lake, na hata kama si kipimo cha maabara, ukilishika hilo hutamvimbisha. Mpe punje moja moja, usubiri aimeze. Iliyozama bila kuliwa itoe. Siku moja kwa juma mwache bila chakula. Betta aliyeshiba kupita kiasi huvimba tumbo, hufunga choo, akaanza kuelea upande kwa sababu kibofu chake cha hewa kimebanwa. Tiba ya kwanza ni kumnyima chakula siku mbili tatu, jambo gumu kwa mwenye huruma, kwani atakuja kwenye kioo na kujitikisa mbele yako kana kwamba hajala tangu azaliwe. Amekwisha kujifunza kwamba uso wako maana yake ni chakula.

Siku za mwanzo mambo huwa kinyume: hataki kula kabisa. Zima taa, punguza watu wa kumchungulia, jaribu punje moja kesho yake. Siku mbili tatu bila kula si msiba. Na kama umeshamnunua kabla tangi halijakomaa, kama tufanyavyo wengi, nunua kipimo cha amonia, mlishe kidogo mno, na ubadilishe sehemu ya maji kila kipimo kinapoonyesha amonia au nitriti. Rafiki mwenye tangi lisilo na magonjwa akikukatia kipande cha sponji yake iliyotumika, amekupunguzia wiki kadhaa za wasiwasi.

Dume lingine usimwekee, watapigana. Kioo cha kujitazama mwonyeshe dakika moja mbili ukitaka kumwona akifumua mapezi na vifuniko vya mashavu, kisha kiondoe. Kikibaki hapo, atashinda akipambana na adui asiyechoka.

Asubuhi moja huenda ukakuta juu ya maji, kwenye kona iliyotulia, shada la viputo vidogo vilivyoshikamana kwa mate. Ni kiota. Dume hukijenga hata bila jike, tayari kwa mayai ambayo huyalinda yeye mwenyewe. Watu hukishangilia kama cheti cha furaha, lakini dume mwenye afya hukijenga hata ndani ya kikombe cha dukani. Kabla ya kukipiga picha, chota maji kidogo ukapime amonia.