Kabila si spishi: dhana potofu za kuchagua viumbe wa mchezo wa uhusika

"Mchezo wa Kiafrika? Kila kabila lipewe spishi yake."

Hili hutokea karibu kila mara kundi jipya la Nairobi la mchezo wa uhusika, yaani mchezo wa mezani ambao kila mchezaji huigiza mhusika aliyemuunda, linapoketi kuunda ulimwengu wake na spishi, yaani aina za viumbe, watakaokaa humo. Wafugaji wanaongezewa nguvu, watu wa mlimani wanapewa ujanja wa biashara, watu wa ziwani wanapewa akili. Nia huwa njema, kwamba mtu ajione ndani ya mchezo. Kinachotoka ni ukabila uliopigiwa hesabu na kuandikwa kwenye karatasi ya mhusika. Katika nchi iliyopitia ghasia za baada ya uchaguzi za mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, msilete hayo mezani.

Hata kikanuni hayasimami. Spishi ni mwili. Biashara, mkuki, kusoma nyota na kuchunga ng'ombe hufundishwa. Kipimo ni hiki: mchukue mtoto wa spishi hiyo, alelewe na watu wengine kabisa tangu siku anayozaliwa. Atakachokuwa nacho akishakua ndicho kiandikwe kwenye ukurasa wa spishi. Mabawa atakuwa nayo. Macho ya gizani pia, na elfi, kiumbe wa ngano za Ulaya anayefanana na mtu, bado ataweza kufikisha miaka 750. Lugha, silaha anayoipenda na ubahili havimo. Hayo yaende kwenye malezi na historia ya mhusika. Ukimaliza kupima ukakuta ukurasa mtupu, basi hao ni binadamu wenye utamaduni wao, na waandikwe hivyo.

Dungeons & Dragons, mchezo wa uhusika unaojulikana sana, imepita njia hiyo hiyo. Katika toleo la 1974, dwafu (mtu mfupi wa ngano za Ulaya) aliyekuwa mpiganaji hakuruhusiwa kupita levo ya 6, yaani ngazi ya sita ya ukuaji wa mhusika, eti kwa kuwa ni dwafu. Toleo la 2024 limeondoa nyongeza za nguvu, wepesi na akili kwenye spishi na kuziweka kwenye historia ya mhusika. Anayefunga nyongeza hizo kwenye kabila leo anarudi kule ambako wenye mchezo wameshahama.

Ladha ya nyumbani ipo, tena tele, kwenye hadithi. Mchukue irimu wa ngano za Wakikuyu, mwenye mdomo wa pili kisogoni aliouficha kwa nywele. Mwili huo unatoa kanuni wenyewe: anauma adui aliye nyuma yake hata mikono yake miwili ikiwa imeshika silaha, havai kofia ya chuma inayofunika kichwa chote, na akiingia mjini lazima afiche kisogo. Kanuni tatu, na hakuna jirani yako aliyetukanwa.

"Spishi zikiwa nyingi, ulimwengu unatajirika."

Kitabu cha wachezaji cha mchezo huo cha 2014 kina spishi 9, cha 2024 kina 10, na vya nyongeza vinazifikisha makumi. Waachie wachezaji wanne orodha yote, watakuletea wageni wanne wasio na kwao. Kipindi cha saa tatu cha Jumamosi, huku watu wakiwazia matatu ya kurudi Rongai, kitaishia kwenye kueleza kwa nini mlinzi wa lango hashtuki akiona joka lenye miguu miwili.

Meza ya watu wanne au watano inatosheka na spishi tano. Anza na mahali, tuseme mji wa bandari unaoishi kwa pepo za kaskazi na kusi. Kisha kila spishi iandikiwe mistari mitatu: inakaa wapi, inakula nini, inagombana na nani. Halafu ifunike moja kwa kiganja. Kama hakuna mtaa, biashara wala ugomvi uliobadilika, ifute. Na wachezaji wawili wakitaka spishi moja, waache. Wakibishana wao kwa wao kuhusu mila zao, ndipo spishi inapata uhai.

"Kuona gizani ni jambo dogo."

Hesabu kwanza. Katika kitabu cha 2014, spishi 6 kati ya 9 zinaona gizani. Katika cha 2024 ni 7 kati ya 10. Wote kundini wakiwa wanaona gizani, pango halitishi tena na mwenge hauna kazi. Acha spishi mbili tu kati ya tano zione. Na isomeni kanuni yenyewe: kwenye giza totoro, mwenye macho hayo huona kama kwenye mwanga hafifu, bila rangi, na akitafuta kitu kwa macho hurusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua ndogo. Hili husahaulika mno, ndiyo maana mitego mizuri hupotea bure.

"Mabawa ni urembo tu."

Si urembo. Mchawi hupata uganga wa kuwawezesha watu kuruka angani akifika levo ya 5, na hata hapo hudumu dakika 10 tu, tena akipoteza umakini unakatika. Mtu-ndege mwenye upinde mrefu, unaofika futi 150 bila shida, huwa juu ya mapanga ya adui tangu levo ya 1. Mruhusu aelee kushuka tu. Akimaliza zamu yake angani, aanguke, na kila futi 10 zimgharimu dadu moja ya pande 6. Kuruka kwenyewe kuanze levo ya 5.

"Binadamu hana ladha."

Mwache kwenye orodha. Bila yeye wachezaji hawana pa kupimia ugeni wa wengine.

"Mchezaji hanyimwi anachotaka."

Hunyimwa, mradi ajue mapema. Orodha ya spishi tano na mistari yake mitatu itumwe kwenye kundi la WhatsApp wiki moja kabla ya wahusika kuundwa. Anayetaka ya sita alete mistari yake mitatu, na aseme ipi kati ya zile tano itoke.